Pua ya Fundi

Fundi hasikii harufu. Hasikii ya asumini, hasikii ya samaki aliyeoza, hasikii ya petroli. Kwa mtu mwengine lingekuwa jambo la kuhurumiwa tu. Yeye kutwa huosha kabureta za pikipiki ndani ya beseni la petroli, katika chumba cha chini cha nyumba yetu, kando ya ngazi. Na ngazi hiyo ndiyo anayoishukia mama yangu kila Alkhamisi na chetezo cha makaa mekundu mkononi. Jambo hili nalijua mimi, na Fundi anajua kuwa nalijua. Mama, mwenye makaa, hajaambiwa.

Hofu yangu haieleweki bila ya nyumba, kwa hivyo nianze hapo. Iko Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe. Ukiitazama kwa nje utasema ni jiwe tupu, haiungui hata kwa miujiza. Ingia ndani. Dari zimebebwa na boriti, ngazi ni mbao, milango mbao, roshani mbao, makabati ya ukutani mbao, na vyote vimekauka tangu kabla mama hajazaliwa. Jiwe ni ngozi tu. Juu tunaishi mama na mimi. Chumba cha chini, alichokikodi Fundi tangu nikiwa mwanafunzi, hakina dirisha. Kina milango miwili, mmoja wa barazani na mmoja wa ngazini, na yote miwili lazima iwe wazi anapofanya kazi ili upepo upite. Akifunga mmoja, mvuke wa petroli unabaki ndani pamoja naye. Akitoka kuoshea barazani, kila anayepita kichochoroni ana sigara.

Mafundi mtaani kwetu ni wengi, lakini wengine wote wanahitaji maelezo: fundi wa mbao, fundi cherehani, fundi bomba. Ukisema Fundi peke yake, watu wanakuelekeza kwake. Na hata hivyo hatengenezi pikipiki nzima. Anatengeneza kabureta, basi. Anayemletea injini iliyokufa hurudishwa mlangoni.

"Mimi n'natibu mapafu," husema. "Waganga wa moyo na mifupa wako Ng'ambo."

Unguja chochote chenye magurudumu mawili na injini tumekizoea kukiita vespa, hata kama sicho, na vespa za zamani zote hatimaye hupita mikononi mwake. Mpya hazipendi. Anasema hazina mapafu, zinapumua kwa kompyuta. Za zamani huzifungua taratibu, kama mtu anayemvua mgonjwa nguo. Hutandika kanga kuukuu juu ya meza, na kila kipande hukiweka pale ilipo zamu yake: kifuniko, slaidi, sindano, boya, kisha jeti, vile vijipande vya shaba vyenye vitundu vyembamba ambamo petroli hupita. Sindano haivuki upande wa boya. Ukigusa kitu atakutazama mpaka ukirudishe, na ukikirudisha kombo ataendelea kukutazama.

Waya hautumii kuzibulia vitundu. Hutumia uzi wa mshipi wa kuvulia. "Waya unakwaruza. Kitundu kikishapanuka hakirudi, kama mdomo wa mtu." Akishapitisha uzi huweka jeti mdomoni na kuvuta, halafu kupuliza, halafu kutema nje. Nikiwa mdogo nilidhani anakunywa petroli. Nilimwambia mama, na mama akasema ndiyo maana hazeeki.

Hapandi pikipiki. Huyu ni mtu aliyefufua sijui pikipiki ngapi, na zote amezijaribu zikiwa zimesimama kwenye stendi, yeye ameshika mkono wa mafuta, kichwa kimeinama upande. Bhai, mwenye duka la vitambaa linalotazamana na mlango wetu, Mhindi mcheshi aliyezaliwa humu humu mtaani, hamwachi kwa hilo.

"Fundi, panda basi nikupeleke Mtoni, ule upepo."

"Nnajua zinavyopumua, Bhai. Ndiyo maana sipandi."

"Sasa sisi tunaopanda?"

"Nyinyi mna bahati. Hamjui."

Lakini kitu alichokiogopa kuliko vyote ni moto. Mlangoni pake kuna ndoo ya mchanga ambayo huubadilisha mchanga wake kila ukiingia uchafu. Mteja mwenye sigara husimama ng'ambo ya kichochoro na kupiga kelele kutoka huko. Bhai alimletea siku moja hindi la kuchoma, lingali na cheche kwenye punje, na Fundi akalitupa barazani na kulimwagia maji ya birika lake la kutawadhia. Bhai akabaki ameshika nusu yake.

"Yakhe, umeliosha maiti hindi langu!"

Fundi hakucheka. Alieleza, kama alivyomweleza kila mtu, kwamba petroli yenyewe haiungui; kinachoungua ni mvuke wake, na mvuke unatambaa chini sakafuni kama nyoka, unakwenda mbali, unautafuta moto wenyewe. "Huuoni. Sikio haliusikii. Mlinzi wako ni pua." Akagonga pua yake kwa kidole cheusi. "Fundi asiyesikia petroli ni muadhini bubu."

Maneno hayo aliyasema zaidi ya mara moja, na siku hizi mimi siyataji mbele yake.

Pua yake ilikuwa na sifa mtaani. Aliweza kuchovya kidole kwenye tanki, akanusa, akamwambia dereva kwamba petroli yake imechanganywa na mafuta ya taa. Petroli iliyolala miaka ndani ya kabureta aliitambua kabla hajafungua hata skrubu moja. Na hakuishia kwenye petroli. Alijua tunachokipika. Mama alikuwa akiunga mchuzi juu, na sauti inapanda kutoka chini: "Bi mkubwa, leo papa!" Au: "Vitunguu hivyo vinaungua!" Mama alikuwa akicheka na kumteremshia bakuli.

Kisha wakakosana, na sababu ni pua vilevile. Mama alikwenda harusini na buibui alilolifukiza kwa udi siku nzima, akakaa karibu na wanawake wa kwa bwana harusi, na mmoja wao akauliza kwa sauti kama kuna mtu amekuja na pikipiki. Mama alirudi nyumbani kabla ya pilau. Alisimama kwenye mguu wa ngazi akamwambia Fundi, "Nguo zangu zinanuka gereji." Fundi, ambaye ulimi wake hauna breki, alinusa hewa na kujibu, "Hapana, Bi mkubwa. Udi wako ndio wa bei rahisi."

Tangu siku hiyo hawasemeshani. Niliwahi kumkumbusha mama kwamba Muislamu hamnuni mwenzake kupita siku tatu.

"Salamu namjibu," akasema. "Kwani nani kasema mazungumzo ni faradhi?"

Kodi hakupandisha, wala hakumwambia ahame, na sahani ya futari humpelekea kila Ramadhani kwa mkono wangu. Ila neno hampi.

Sasa, udi. Kila Alkhamisi, kuamkia Ijumaa, mama huifukiza nyumba. Huanza juu kabisa: makaa kwenye chetezo cha udongo, kipande cha udi au ubani, kisha chumba kwa chumba, nyuma ya milango, chini ya vitanda, halafu ngazi yote, hadi mlango mkuu wa mtaani. Anasema mlango usionukia haumkaribishi malaika. Wakati maalumu hana. Mara nyengine ni baada ya Adhuhuri, mara nyengine magharibi inakaribia, kutegemea magoti yake. Na zipo siku ambazo si Alkhamisi kabisa: mgeni akija, mtu akiugua, au akimuota marehemu baba.

Katika miaka yote ya kununiana kwao, udi huo ndio uliokuwa mjumbe. Mama akitia kipande cha kwanza kwenye makaa juu, harufu hushuka kwenye uwazi wa ngazi kabla yake, na Fundi chini huisikia. Hapo hufunika beseni kwa sinia, hutandika gunia bichi juu ya sinia, husukuma mlango wa ngazini na kutoka kukaa barazani mpaka mama amalize na kurudi juu. Hakuna aliyewahi kukubaliana na mwenziwe. Hakuna aliyemuuliza mwenziwe. Mama alikuwa akisema kwa majivuno, kana kwamba mtu huyo ni wake, "Yule ana pua ya paka. Nikitia udi juu, chini keshafunga." Hiyo tu ndiyo kinga tuliyokuwa nayo, na ilitosha.

Dalili nilizikusanya mojamoja, kwa sababu ndivyo nilivyo. Kazi yangu ni kusimamia maji na umeme hotelini, na mtu wa kazi hiyo huzoea kutafuta kinachovuja kabla hakijaonekana. Ya kwanza ni wali. Mama alisinzia, wali ukaungua mpaka sufuria ikapasuka, na jirani wa nyumba ya tatu alikuja kuuliza. Fundi chini hakusema kitu. Ya pili ni panya aliyekufa nyuma ya sanduku lake la spana. Wateja walikuwa wakiingia na kutoka haraka, mikono puani, na yeye akidhani siku hizi watu wana haraka.

Ya tatu ndiyo iliyonitia baridi. Bhai alileta pikipiki ya marehemu baba yake, ya zamani mno, iliyokaa stoo tangu mzee alipofariki. Fundi aliitoa kabureta, akafungua bakuli lake la chini, na ndani kulikuwa na utandu wa manjano, mgumu kama gundi. Zamani angelitaja jina la ugonjwa hapo hapo. Safari hii alimsogezea Bhai lile bakuli.

"Nusa. Nambie unasikia nini."

Bhai akanusa. "Rangi ya mlango. Na baba yangu."

"Baba'ko alinuka hivi?"

"Ee! Mama alikuwa akimlaza barazani."

Wote tulicheka, na Fundi akatikisa kichwa kama mwalimu aliyeridhika na mwanafunzi. Baadaye alimnusisha mteja mwengine, na mwengine. Watu walidhani amepata hamu ya kufundisha. Mimi nilimwangalia mikono. Alikuwa ametandika gazeti chini ya kabureta aliyokwisha kuifunga, na kila mara aliinama kulitazama kama limeroa. Zamani, kabureta ikivuja tone moja, pua yake ilimwambia akiwa amegeuka. Sasa alikuwa anatafuta tone kwa macho.

Nilikaa na shaka hiyo wiki nzima, nikijiambia huenda ni mafua.

Alkhamisi iliyofuata nilirudi kazini mapema. Nilipoingia mlango mkuu nilisikia udi, mzito, wa kutosha kumwamsha mgonjwa. Mama alikuwa katikati ya ngazi anashuka, chetezo mbele yake, akipuliza makaa ili moshi utoke vizuri. Mlango wa ngazini wa chumba cha Fundi ulikuwa wazi. Beseni lilikuwa wazi, karibu na kizingiti, na Fundi amelipa mgongo, ameshika boya la kabureta ya Bhai kwenye mwanga wa mlango wa pili, anapiga mluzi wa chini kwa chini.

Sikupiga kelele. Mpaka leo sijui kwa nini. Nadhani niliogopa kwamba mama akishituka ataangusha chote. Nilipanda na kumshika mikono.

"Nipe mama, utaanguka."

"Nimeanguka lini?"

"Nipe."

Katika kupokezana, kaa moja lilidondoka. Liliviringika kwenye kipandio, likashuka cha pili, likatulia ukingoni. Nililikanyaga kwa soli ya kiatu na kusimama juu yake mpaka nikasikia joto kwenye unyayo.

"Na huyo mwenye pua ya paka," mama akanong'ona, akichungulia kwa chini, "leo kalala?"

Nikamwambia Fundi ametoka, na nikampeleka juu. Niliporudi, Fundi alikuwa amesimama mlangoni. Alitazama alama nyeusi kwenye kipandio. Akatazama moshi uliokuwa bado unaelea hapo kati yetu, mweupe, usoni pake kabisa, na nikaona anavuta pumzi ndani, ndefu, kisha nyengine, kama mtu anayetafuta kitu gizani kwa mkono.

"Umefukizwa udi?" akauliza.

"Ndiyo, Fundi."

Akakaa chini kwenye kizingiti. "Harufu iliondoka kama mgeni asiyeaga," akasema baadaye. "Mwanzo asubuhi inarudi, jioni haipo. Halafu haikurudi. Sijui ni petroli, sijui ni ile homa iliyonilaza." Akalivuta beseni, akalifunika kwa sinia. "Usimwambie mama'ko."

Nilijua anachokiogopa. Mama akijua, hata kwa huruma, chumba kitafungwa kabla ya Ijumaa; na mtaa ukijua, hakuna atakayemkodisha chumba mahali pengine, yeye na petroli yake. Lakini nadhani aliogopa zaidi kwamba ni mama ndiye angejua. Bado alikuwa na deni la neno lile la udi wa bei rahisi.

Nilimwahidi. Tangu hapo, Alkhamisi siko popote ila nyumbani. Nikisikia mama anatia makaa, nashuka mbio na kusema kwa sauti, "Shikamoo, Fundi!" hata kama nimeshamwamkia mara mbili siku hiyo. Naye hujibu "Marahaba," hufunika beseni, hutandika gunia, husukuma mlango. Mama anadhani nimekuwa na adabu nyingi. Usiku nalala na kuorodhesha kila njia ambayo nitachelewa: kazini, msikitini, chooni. Siku zisizo za Alkhamisi ndizo mbaya zaidi. Nimekuwa mtu wa kumuomba Mungu mama yake asiote ndoto.

Juma hili hotelini wameniambia nakwenda Uroa, kwenye tawi lao la pwani, kwa msimu wote. Naondoka kesho asubuhi. Kesho ni Alkhamisi.

Leo baada ya Alasiri nimeshuka kumwambia Fundi. Kabureta ya Bhai ilikuwa imekamilika, inang'aa kama kitu cha fedha, imening'inizwa kwa mpira kwenye chupa ya petroli ili ajaribu kama sindano inaziba. Gazeti chini yake lilikuwa kavu.

"Kesho sipo, Fundi."

"Bhai keshanambia."

"Mama atafukiza."

"Nnajua."

"Utasikia?"

Nilipolitamka nikaliona kosa lake. Kwetu ni neno moja, la sikio na la pua. Fundi aliligeuza kidogo kichwani, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya kaa nikamwona anataka kutabasamu.

"Masikio ninayo," akasema. "Masikio mazima, sauti ya jeti naisikia. Mwambie anisemeshe. Neno moja tu akiwa juu ya ngazi. Apige hodi. Hodi naisikia, nitafunika."

"Apige hodi ndani ya nyumba yake?"

"Hiyo sasa," akasema, "ndiyo kazi yako."

Nimepanda. Mama alikuwa amekaa mkekani anachambua vipande vya udi vya kesho, vizuri upande mmoja, vumbi upande mmoja. Nimemuomba, kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika, kwamba nikiwa sipo awe anapiga hodi kabla ya kushuka na chetezo. Amenitazama kama niliyemwambia avae viatu vya watu.

"Nipige hodi? Mimi? Ndani ya nyumba ya baba'ngu? Nimbishie nani, paka?"

"Fundi, mama."

"Fundi anajua nikishuka. Tangu lini..." Hapo akasita. Mkono wake ulibaki hewani na kipande cha udi kati ya vidole, akakileta puani, akakinusa, akakiweka chini polepole. Kisha akauliza, bila ya kunitazama:

"Kwani siku hizi hasikii?"

Sijui aliuliza sikio au aliuliza pua. Nilitafuta usoni pake na sikuona.

"Masikio yake mazima, mama," nikasema.

"Aa," akasema, akarudi kwenye udi wake.

Fundi nimemwahidi kwamba sitamwambia mama. Sikumwahidi kwamba nitaondoka. Begi langu liko mlangoni. Adhana ya Magharibi imekwishapita, mama yuko kwenye mswala, na hodi, hajasema kama atapiga.